Michembe, Matobolwa na Maji ya Chupa: Uchambuzi wa Kisa cha Unga wa Uji Kando ya Ziwa Victoria

Kisa hiki kinahusu kikundi kidogo cha kina mama wasindikaji katika wilaya moja ya mkoa wa Mwanza inayopakana na ziwa. Jina la kikundi, kijiji, mwalo (mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga) na chapa ya unga vimeondolewa, pamoja na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mteja. Kimeandikwa kwa ajili ya wasindikaji wadogo, maafisa lishe na yeyote anayeuza unga wa uji, kwa sababu kosa lililotokea hapa linatokea sehemu nyingi na mara nyingi lawama huangukia maji machafu au meno ya mtoto.

Usuli

Usukumani viazi vitamu hukaushwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni michembe: kiazi kibichi kinamenywa, kinaachwa kisinyae, kinakatwa vipande na kuanikwa juani hadi kikauke. Ya pili ni matobolwa: kiazi kinachemshwa kwanza hadi kiive, ndipo kinakatwa na kuanikwa. Sokoni vyote ni viazi vikavu, na asiyevizoea anaweza kuvichanganya. Lakini wanga wa michembe bado ni mbichi, na wanga wa matobolwa umeshaiva. Kisa chote kinasimama juu ya tofauti hiyo.

Kikundi kilikuwa kinatengeneza unga wa uji wa watoto kutokana na michembe ya viazi lishe vya rangi ya chungwa. Mchanganyiko wa kilo 10 ulikuwa na michembe kilo 5, mahindi kilo 3, ulezi kilo 1.5 na karanga nusu kilo. Vyote vilisagwa pamoja kwenye mashine ya kijijini na kufungwa kwenye pakiti za kilo moja. Maelekezo kwenye pakiti yalikuwa sahihi: chemsha kwa dakika 20 huku ukikoroga. Kwa miaka ya mwanzo wanunuzi walikuwa majirani, waliopika nyumbani, na hakukuwa na malalamiko.

Yaliyotokea

Shida ilianza unga ulipopata soko mwaloni. Mama anayenunua dagaa hutoka nyumbani alfajiri mitumbwi inapoingia, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Hana jiko. Ana chupa ya chai iliyojazwa maji yaliyochemka saa tatu usiku. Anaweka vijiko vinne vya unga kwenye kikombe cha plastiki, anamimina maji ya chupa, anakoroga, anampa mtoto. Uji unakuwa mwepesi wenye mchanga mchanga, na ukikaa kidogo unaacha tope jeupe chini ya kikombe.

Ndani ya msimu mmoja malalamiko yakarudi kwa mwenyekiti wa kikundi kupitia wenye maduka. Watoto wa kati ya miezi 8 na miaka 2 walikuwa wakijaa gesi, matumbo yakiunguruma, wengine wakipata choo laini chenye chembe nyeupe zisizosagika. Kikundi kilishuku maji kwanza, na haikuwa shaka ya kipuuzi kando ya ziwa. Lakini wanunuzi waliotumia maji yaleyale kupikia uji jikoni hawakulalamika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kukaanga. Michembe, mahindi na ulezi vilikaangwa kwenye sufuria kubwa juu ya kuni, dakika 15 kwa kila mkupuo, hadi vikabadilika rangi na kunukia. Hoja ya kikundi ilikuwa kwamba kilichokaangwa kimeiva, kwa hiyo maji ya moto yatatosha. Unga mpya ulinukia vizuri sana na mauzo yakapanda. Mama mmoja alipoulizwa na dada wa dukani kama anaupika, alijibu: "Unanukia umeiva kabisa, sasa nichemshe tena cha nini?" Malalamiko yakaongezeka, kwa sababu hata baadhi ya waliokuwa wakipika jikoni waliacha kupika.

Vipimo vilivyofanywa

Kikundi kilimwita mtaalamu wa usindikaji wa vyakula na afisa lishe wa eneo hilo. Uamuzi wao wa kwanza ulikuwa mzuri: hakuna kubadilisha kipimo cha mchanganyiko hadi ijulikane wanga uko katika hali gani. Walitumia vitu vinavyopatikana kijijini.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kipimajoto ndani ya chupa ya chai saa kumi na moja alfajiri. Maji yaliyochemka usiku yalikuwa yameshuka hadi digrii 76. Mililita 200 za maji hayo zilipomiminwa kwenye kikombe cha plastiki chenye gramu 40 za unga, uji ulisoma digrii 64. Dakika tano baadaye ulikuwa digrii 58.

Namba hizo zinatosha kueleza nusu ya tatizo. Wanga mbichi umefungwa ndani ya punje ndogo sana, zisizoonekana kwa macho, ambazo ndani yake aina mbili za minyororo ya glukosi (sukari) zimepangwa kwa kubana: amilosi, iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Kwa kawaida amilosi ni kama robo ya wanga wote na iliyobaki ni amilopektini. Mpangilio huo unavinyima nafasi vimeng'enya, yaani vitu vya mate na kongosho vinavyosaga chakula. Ili ufunguke unahitaji joto na maji kwa pamoja. Wanga wa mahindi huanza kufunguka kwenye digrii 62 hivi na kumaliza karibu 72. Wa viazi vitamu hufunguka kati ya takriban 58 na 75 kutegemea aina ya kiazi. Hapo punje hunywa maji, huvimba, hupoteza mpangilio wake na kumwaga amilosi nje, na uji huwa mzito. Uji wa digrii 64 unaoshuka kila dakika umefungua baadhi tu ya punje, zile za nje ya chembe. Punje zilizo katikati ya chembe kubwa ya unga hazikuguswa.

Kipimo cha pili kilikuwa glasi tatu za maji baridi. Kijiko kimoja cha unga wa michembe kiliwekwa kwenye glasi ya kwanza, unga uliokaangwa kwenye ya pili, na unga wa matobolwa yaliyonunuliwa sokoni kwenye ya tatu. Vikakorogwa na kuachwa nusu saa. Glasi mbili za kwanza zilifanana: maji karibu meupe safi juu, na chini tabaka gumu ambalo kijiko kililikwangua kama chokaa. Ya tatu ilikuwa imevimba hadi zaidi ya nusu ya glasi na haikuwa na tabaka gumu.

Kisha maji ya juu ya kila glasi yalichujwa kwa kitambaa na kudondoshewa tone la iodini ya vidonda iliyozimuliwa. Maji ya matobolwa yaligeuka bluu iliyokolea, kwa sababu amilosi ilikuwa imetoka kwenye punje na kuyeyuka. Ya michembe na ya unga uliokaangwa yalipata rangi hafifu tu, ile inayotokana na punje chache zilizopasuliwa na mashine ya kusaga. Ni muhimu tone liwekwe kwenye maji yaliyochujwa. Likiwekwa kwenye unga wenyewe, wanga mbichi na ulioiva yote hugeuka bluu na kipimo hakisemi chochote.

Kwa nini kukaanga hakukusaidia

Hapa ndipo wasindikaji wengi hukwama, kwa hiyo panastahili kukaliwa. Michembe iliyokauka vizuri ina maji kama asilimia 10 hadi 12. Kwa unyevu huo wanga hauwezi kuvimba, kwa sababu hakuna maji ya kuingia kwenye punje. Joto linalohitajika kuvunja mpangilio wake likiwa kavu hivyo linapita sana digrii 100, na kwenye sufuria ya kukaangia joto hilo linafikiwa juu juu tu, pale ambapo kipande kinagusa chuma. Hapo wanga hukatika vipande vifupi na kugeuka kahawia, ndiyo maana harufu hutoka. Ndani ya kipande punje hubaki kama zilivyokuwa shambani.

Kwa hiyo kukaanga kulibadilisha harufu, rangi na ladha, kukaua baadhi ya wadudu na kukausha zaidi, lakini hakukuivisha wanga. Kulipunguza pia karotini, ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo ndiyo sababu ya kununua viazi lishe tangu mwanzo. Kibaya zaidi, kulimdanganya mpishi. Kukaanga nafaka kabla ya kusaga si vibaya mradi unga uchemshwe baadaye. Hatari inakuja pale harufu inapochukua nafasi ya moto.

Kwenye tumbo la mtoto wanga ulioponyoka utumbo mwembamba haupotei. Unafika utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na gesi inatoka. Kwa mtu mzima kiasi fulani cha wanga wa namna hiyo ni kizuri, kwa sababu uchachushaji huo huzalisha asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Mtoto wa miezi tisa hali yake ni nyingine: kongosho lake bado halijafikia nguvu kamili ya kutoa kimeng'enya cha wanga, tumbo lake ni dogo, na kila kijiko kisichomeng'enywa ni nishati aliyonyimwa. Viazi vitamu vibichi vina pia vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enya protini, na vizuizi hivyo huvunjwa kwa kupika. Unga wa michembe usiochemka ulikuwa unamgusa mtoto pande mbili kwa wakati mmoja.

Uamuzi: bidhaa mbili badala ya moja

Njia rahisi ingekuwa kuandika kwa herufi kubwa "LAZIMA UCHEMSHE". Kikundi kiliikataa baada ya majadiliano, kwa hoja ambayo mtaalamu aliikubali: mama wa mwaloni hakosi maelekezo, anakosa jiko. Ikaamuliwa unga wa zamani ubaki, bila kukaangwa, kwa wanaopika. Na utengenezwe unga wa pili ambao wanga wake wote umeshaiva kabla ya kusagwa.

Mahindi na ulezi viliondolewa kwenye unga wa pili. Kuvipika na kuvikausha tena kungehitaji kuni na nafasi ambayo kikundi hakikuwa nayo, na kuacha hata asilimia 10 ya unga mbichi ndani yake kungerudisha tatizo. Mchanganyiko mpya wa kilo 10 ukawa matobolwa kilo 7.5, karanga zilizokaangwa kilo 1.5 na dagaa waliosafishwa na kukaangwa kilo 1. Karanga na dagaa hawana wanga wa kutia wasiwasi, kwa hiyo kwao kukaanga kunatosha. Karanga zilichambuliwa kwa mkono, punje moja moja, na zote zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zilitupwa kwa kuhofia sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu.

Mkupuo wa kwanza wa matobolwa uliharibika

Viazi vya ukubwa wote vilitiwa kwenye pipa moja, vikachemshwa dakika 30, vikamwagwa maji na kuachwa vipoe hadi jioni. Vikakatwa usiku kwa unene wa kidole na kuanikwa asubuhi kwenye turubai. Ilichukua siku tatu. Vipande vingi vilikuwa vigumu kama kokoto, vingine vilikuwa na madoa ya kijivu, na viazi vikubwa vilikuwa na kiini cheupe kibichi katikati. Unga wake kwenye glasi ya maji ulivimba kidogo na kuacha mchanga chini.

Sababu ni tatu. Kiini cheupe kilitokana na kiazi cha gramu 400 kupikwa muda wa kiazi cha gramu 150. Madoa yalikuwa ukungu: kiazi kilichoiva kina sukari na maji mengi, na hewa ya ziwani usiku haikaushi kitu. Ugumu ndio uliowashangaza. Wanga ulioiva ukipoa ukiwa bado na maji, minyororo yake huanza kujipanga upya. Amilosi hujipanga ndani ya saa chache, amilopektini huchukua siku. Kilichojipanga tena huwa kigumu na hukataa vimeng'enya. Amilopektini iliyojipanga hulegea tena kwenye digrii 40 hadi 60, kwa hiyo maji ya chupa yanaimudu. Amilosi iliyojipanga hailegei hadi joto lipite sana digrii 100. Hata kuchemsha kwa kawaida hakuifungui. Kuacha viazi vipoe mchana kutwa, kisha kuvikausha kwa siku tatu vikiwa vinene, kuliupa wanga muda wote uliouhitaji.

Utaratibu uliorekebishwa ndio unaotumika sasa:

1. Viazi huoshwa na kupangwa makundi mawili, vya chini ya gramu 200 na vya zaidi ya hapo. Vikubwa hukatwa nusu kwa urefu.
2. Hupikwa kwa mvuke juu ya wavu ndani ya pipa lenye maji kidogo, si kwa kuzamishwa, ili sukari na virutubisho visibaki kwenye maji. Moto huanza taratibu. Kiazi kitamu kina kimeng'enya chake kinachogeuza wanga ulioiva kuwa sukari ya maltosi, na kinafanya kazi kiazi kinapopita polepole kwenye digrii 60 hadi 75. Ndiyo sababu kiazi kilichopikwa taratibu ni kitamu kuliko kilichotupwa kwenye maji yanayochemka.
3. Kijiti chembamba kinapopita hadi upande wa pili bila kukwama, hupikwa dakika 5 zaidi na kutolewa.
4. Humenywa na kukatwa vikiwa bado vya moto kiasi cha kushikika, unene wa milimita 3 hadi 4. Kazi hii huanza alfajiri ili vipande viwe kwenye kaushio kabla ya saa tatu asubuhi.
5. Hukaushwa kwenye kaushio la sola lenye kivuli, tabaka moja, bila kupandana. Kivuli kinalinda karotini. Kwa jua la kuanzia Juni hadi Septemba vipande vyembamba hukauka kabla ya machweo. Kipande kilicho tayari huvunjika kwa mlio. Kinachopinda kinarudi kaushioni.
6. Husagwa na kuchekechwa. Chembe zilizobaki juu ya chekeche hurudi mashineni.

Viazi vibichi kilo 4 hutoa takriban kilo 1 ya matobolwa makavu, pungufu kidogo maganda yakiwa manene. Kuni zinaongeza gharama, na unga wa pili unauzwa ghali kuliko wa kwanza. Kikundi hakikuficha hilo kwa wateja.

Uji mzito, mtoto mdogo

Unga mpya ulivimba vizuri kwenye maji ya chupa, na malalamiko ya gesi yakaisha kwa wateja wa mwaloni waliofuatiliwa. Likaja lalamiko jingine: uji ni mzito, mtoto anautema. Mama anafanya ambacho mama yeyote angefanya, anaongeza maji.

Afisa lishe alikaa na kina mama akapiga hesabu nao. Gramu 20 za unga huu kwa mililita 200 za maji zinatoa kama kilokalori 80 kwa kikombe. Mtoto wa kilo 8 ana tumbo linalobeba kama gramu 240 kwa mlo. Kwa mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya kawaida, chakula cha nyongeza kinatakiwa kumpa kama kilokalori 300 kwa siku. Vikombe vitatu vya uji mwepesi vinampa 240, tumbo likiwa limejaa mara tatu. Gramu 45 kwa maji yaleyale zinatoa 180 kwa kikombe, lakini uji huo unasimamisha kijiko.

Suluhisho lilikuwa kimea cha ulezi, yaani unga wa ulezi uliooteshwa, ambao kimeng'enya chake hukata minyororo ya wanga ulioiva na kuulegeza uji. Ulezi uliooshwa huloweka saa 12 hadi 24, hutandazwa kwenye gunia lenye unyevu siku mbili hadi tatu hadi mizizi ifike sentimita moja, hukaushwa haraka juani, husuguliwa mizizi idondoke, husagwa. Kikundi kilionywa kisitumie mtama kwa kazi hii, kwa sababu machipukizi yake na mizizi yana kitu kinachotoa sumu ya sianidi. Gramu 2 za kimea zikikorogwa kwenye uji wa gramu 45 ulio kwenye digrii 60 hadi 65, ndani ya dakika 10 uji unateremka kwenye kijiko kama maziwa ya mgando yaliyopigwa, na nishati yote imebaki ndani. Juu ya digrii 75 kimea kinakufa na hakifanyi kitu. Na kwenye unga mbichi hakifanyi kitu cha maana pia, kwa kuwa kimeng'enya chake hakiingii kwenye punje iliyofungwa.

Kulikuwa na kishawishi cha kuchanganya kimea ndani ya pakiti moja kwa moja. Kilikataliwa. Kimea hukaa siku tatu kwenye unyevu na joto, na hakuna njia ya kukikausha kijijini ikahakikisha hakina vijidudu. Uji wenye kimea lazima uchemke tena dakika mbili baada ya kulegea, na maji ya chupa hayachemki. Kwa hiyo kimea kinauzwa kwenye kifuko kidogo peke yake, kikiwa na maelekezo ya jikoni tu. Mama wa mwaloni anapata uji ulioiva lakini mzito kiasi, wa gramu 30, na mlo wenye kimea anautoa akirudi nyumbani. Si suluhisho kamili, ila ni salama.

Mteja ambaye hakutarajiwa

Miezi kadhaa baadaye mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki, mwenye kisukari cha aina ya pili na anayemeza vidonge, alianza kunywa uji huo kila asubuhi. Mjukuu wake alikuwa na kifuko cha kimea nyumbani, na mzee aliupenda ulivyolegea na utamu wake. Alikuwa ameambiwa viazi vitamu havina shida kwa mgonjwa wa sukari. Zamani kifungua kinywa chake kilikuwa michembe iliyochemshwa vipande vizima pamoja na maharage. Kipimo chake cha sukari cha saa mbili baada ya kula kikaanza kusoma juu kuliko alivyozoea, siku baada ya siku, na kliniki wakamuuliza amebadilisha nini. Akasema hajabadilisha kitu, bado anakula viazi.

Alikuwa amesema kweli kuhusu viazi. Kilichobadilika ni hali ya wanga. Wataalamu huugawa kwa mwendo wake: unaomeng'enywa ndani ya dakika 20, unaochukua kati ya dakika 20 na 120, na unaobaki baada ya hapo, ambao huitwa wanga sugu. Kwenye kipande kizima cha mchembe uliochemshwa, wanga umeiva lakini sehemu yake kubwa bado imo ndani ya kuta za seli za kiazi, na vimeng'enya huufikia taratibu. Maharage huongeza ucheleweshaji. Kusaga kulivunja kuta hizo. Kuivisha kabla kulifungua punje. Kimea kikakata minyororo kabla haijafika mdomoni. Kila hatua iliyomfaa mjukuu ilimharakishia babu sukari.

Ushauri aliopewa na kliniki ulikuwa kurudi kwenye vipande vizima na maharage au dagaa, kwa kipimo kilichopimwa, bila kugusa dozi ya dawa. Alipouliza kuhusu kiporo cha ugali aliambiwa ukweli: ugali uliolala una wanga sugu zaidi kidogo, ukipashwa sehemu ya faida hiyo inaondoka, na tofauti yenyewe haitoshi kuhalalisha sahani kubwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni glasi ya maji baridi. Haina gharama, inasomeka na mtu yeyote, na iliwaonyesha kina mama kwa macho yao kwamba unga uliokaangwa ni unga mbichi. Maelezo ya mdomo yalikuwa yameshindwa kufanya hivyo. Sasa kila mkupuo hupimwa hivyo kabla ya kufungwa, na unaoacha tabaka gumu hurudishwa kwenye unga wa kupika.

Kutenganisha bidhaa kulifaa pia, ingawa kulikuja na kazi ya kuzuia pakiti zisichanganywe. Pakiti za rangi tofauti zilisaidia zaidi ya maandishi.

Kilichoshindwa mwanzoni ni kubadilisha mchakato kwa kufuata harufu na kuuza kabla ya kupima. Kosa la pili halikuonekana hadi mzee yule alipojitokeza: pakiti ilisema "kwa familia nzima". Maneno hayo yameondolewa. Mahali pake pameandikwa kwamba unga umeiva tayari, unamfaa mtoto kuanzia miezi sita na mgonjwa anayehitaji kurudisha nguvu, na mwenye kisukari aulize kliniki kwanza.

Swali la kama mahindi yaliyoondolewa yarudishwe bado linajadiliwa. Yangepunguza bei. Njia inayowezekana ni kupika ugali mlaini, kuutandaza mwembamba na kuukausha siku hiyohiyo, lakini ugali huganda haraka kuliko kiazi kwa sababu amilosi ya mahindi hujipanga kwa kasi, na majaribio ya kwanza yametoa magamba ambayo mashine iliyasaga kuwa mchanga uleule.

Wakati wa mvua

Mvua za vuli zikianza kikundi husimamisha matobolwa. Kipande kilichoiva kikishindwa kukauka siku moja kinaota ukungu au kinakuwa kokoto, na kaushio la sola halina msaada wakati wa mawingu. Akiba ya Julai hadi Septemba huhifadhiwa ikiwa vipande, si unga, kwenye madebe yenye mfuniko unaobana, juu ya chaga. Karanga na dagaa huongezwa wiki ya kufungasha tu, kwa sababu mafuta yao huchacha ndani ya unga. Debe likifunguliwa na kipande kikapinda badala ya kuvunjika, debe lote linarudi kaushioni siku ya jua kabla ya kwenda mashineni.